Uso Mweusi na Shati Jeupe: Kuchagua na Kusafisha Filamu Katika Nchi za Joto

Picha ya darasa ipigwayo siku ya kumaliza masomo hutunzwa kwa miaka mingi. Mara nyingi, hata hivyo, picha hiyo itolewapo sandukuni huonyesha jambo la kusikitisha: mashati ya wanafunzi yameungana na ukuta uliopakwa chokaa kuwa weupe mtupu, na nyuso zimekuwa mabaka meusi yasiyo na macho wala tabasamu. Hapo hulaumiwa mpiga picha, au kamera, au jua. Ukweli ni kwamba kosa hilo lina sehemu mbili. Moja hutendeka ndani ya kamera, na ya pili hutendeka ndani ya tangi la kusafishia filamu. Katika nchi za joto sehemu hizo mbili husukuma upande mmoja, na ndiyo maana madhara yake ni makubwa kuliko yaelezwavyo katika vitabu vingi vilivyoandikwa katika nchi za baridi.

Ni kweli kwamba kamera za dijitali na simu zimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na filamu. Hata hivyo filamu nyeusi na nyeupe bado inatengenezwa Uingereza, Marekani na Ucheki, na kwa mwalimu wa kemia mkanda mmoja wa picha 36 ni somo zima: mna ndani yake uoksidishaji, kasi ya mmenyuko, mpenyo wa vimiminika na athari ya halijoto, na matokeo yake hushikwa mkononi.

Muundo wa filamu

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa jelatini. Ndani ya jelatini zimetawanyika fuwele ndogo sana za bromaidi ya fedha zilizochanganyika na iodaidi kidogo. Jelatini yenyewe hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na kwa muda mrefu watengenezaji walistaajabu kuona kwamba jelatini ya shehena moja ilitoa filamu yenye kasi, na ya shehena nyingine ikatoa filamu isiyohisi mwanga sawasawa. Mwaka 1925 S. E. Sheppard, mkemia wa kampuni ya Kodak mjini Rochester, Marekani, alionyesha kwamba sababu yake ni kiasi kidogo mno cha misombo ya salfa, ya jamii ile ipatikanayo katika haradali. Ng'ombe waliokula mimea ya namna hiyo waliiacha salfa katika ngozi zao, nayo ilipofika kwenye fuwele ilifanya vidoa vya salfaidi ya fedha vinavyorahisisha kazi ya mwanga. Si jambo la kila siku kwa malisho ya ng'ombe kuamua ubora wa picha.

Mwanga unapoipiga fuwele, elektroni huachiliwa kutoka kwenye ioni za bromaidi. Elektroni hizo hunaswa mahali penye dosari katika fuwele, nazo huvuta ioni za fedha na kuzigeuza kuwa atomi za fedha. Atomi chache tu, nne hivi, zikikusanyika mahali pamoja zinatosha kuifanya fuwele nzima iwe tayari kwa dawa. Maelezo haya yalitolewa na R. W. Gurney na N. F. Mott mwaka 1938, na kwa sehemu kubwa yangali yanakubaliwa. Alama hiyo haionekani kwa jicho. Huitwa taswira fiche, na William Henry Fox Talbot wa Uingereza alitambua mwaka 1840 kwamba inaweza kudhihirishwa kwa dawa. Kabla ya hapo karatasi zake zilihitaji kuachwa juani muda mrefu mpaka picha ijitokeze yenyewe.

Dawa ya kusafishia, yaani developa, hukuza alama hiyo ya atomi chache kwa kiasi cha mara bilioni moja. Neno kusafisha lisimpotoshe mwanafunzi: katika hatua hii hakuna uchafu unaoondolewa. Developa huipa fuwele elektroni, ioni zote za fedha zilizomo hugeuka kuwa fedha halisi iliyo nyeusi, na bromaidi hutoka na kuingia katika maji. Fuwele zisizoguswa na mwanga hazina alama ya kuanzia, hivyo huchelewa sana kugeuka. Hizo ndizo ziondolewazo baadaye na fiksa, ambayo ni myeyuko wa thayosalfeti. Sir John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba thayosalfeti huyeyusha chumvi za fedha zisizoyeyuka katika maji, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa hadharani mwaka 1839.

Kuchagua filamu

Jambo la kwanza linaloandikwa kwenye boksi la mkanda ni kasi yake kwa kipimo cha ISO. Filamu ya ISO 100 huhitaji mwanga mara nne ya ule uhitajiwao na filamu ya ISO 400. Kasi hiyo hutokana hasa na ukubwa wa fuwele: fuwele kubwa ina eneo kubwa zaidi la kunasa mwanga, lakini huacha chembe kubwa ya fedha ambayo huonekana kama mchanga picha ikikuzwa.

Kwa kazi za nje mchana, filamu ya ISO 100 au 125, kama vile Ilford FP4 Plus, inatosha kabisa. Kanuni ya zamani husema kwamba katika jua kali lisilo na mawingu tundu la lenzi liwekwe f/16, na kilango kifunguliwe kwa sehemu ya sekunde inayolingana na kasi ya filamu, yaani 1/125 kwa filamu ya ISO 125. Kwa darasani, warshani au katika ngoma ya jioni, hapana budi kutumia filamu ya ISO 400, kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X. Mwenye kununua mkanda mmoja tu kwa kazi zote achukue ISO 400. Chembe zake hazikeri katika picha ya ukubwa wa kawaida. Filamu zenye kasi kubwa kupita hizo zina kasoro moja isiyosemwa sana: huharibika upesi kwa joto. Joto lenyewe huweza kuzifanya fuwele zijibu dawa bila ya kuguswa na mwanga, na filamu nzima ikafunikwa na ukungu wa kijivu. Mkanda wowote uliosahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani ni wa kutiliwa shaka. Mikanda ihifadhiwe katika jokofu ndani ya kopo lililozibwa vizuri, na itolewe saa kadhaa kabla ya kopo kufunguliwa, ili unyevu wa hewa usigande juu ya filamu baridi.

Jambo la pili ni rangi zinazohisiwa na filamu. Fuwele za bromaidi ya fedha peke yake huhisi mwanga wa buluu na wa urujuani tu. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa na fuwele huzifanya zihisi mwanga wa kijani, na hatimaye zilipatikana pia rangi za kuhisi mwekundu. Filamu ihisiyo rangi zote huitwa pankromatiki. Ile isiyohisi nyekundu huitwa othokromatiki, nayo bado inauzwa.

Kwa wapiga picha wa Afrika tofauti hii si ndogo. Ngozi ya mwanadamu, na hasa ngozi nyeusi, hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Sahani za vioo za karne ya 19, ambazo ndizo zilizotumiwa na studio za kwanza za Zanzibar kama ile ya A. C. Gomes, zilihisi buluu zaidi kuliko rangi nyingine zote. Nyuso zilizopigwa kwa sahani za aina hiyo hutoka nyeusi kupita zilivyokuwa, na nguo za rangi ya buluu hutoka karibu nyeupe; atazamaye picha za zama hizo asidhani kwamba anaona rangi halisi ya ngozi au ya kitambaa. Kwa picha za watu, basi, ichaguliwe filamu ya pankromatiki. Kioo cha rangi ya manjano kikiwekwa mbele ya lenzi husaidia zaidi, kwa kuwa huzuia buluu ya mbingu na kuipitisha nyekundu ya ngozi. Kioo hicho hudai mwanga mara mbili ya ule wa kawaida.

Sehemu ya kwanza ya kosa: mwanga ndani ya kamera

Shati jeupe lililofuliwa vizuri hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoliangukia. Uso mweusi hurudisha kiasi cha asilimia 10, au pungufu. Tofauti hiyo ni ya mara nane, nayo yachukuliwa bila shida na filamu yoyote. Lakini saa sita mchana karibu na Ikweta jua huwa utosini. Paji la uso hutia kivuli machoni, na kofia huongeza kivuli juu ya kivuli. Hapo macho yaweza kupata mwanga mdogo mara nane au zaidi kuliko bega lililo juani, na tofauti kati ya shati na mboni ya jicho ikafika mara 64 au kuzidi. Karatasi ya picha nayo haina nafasi kubwa: weupe wake wote na weusi wake wote hutofautiana kwa kiasi cha mara 100 tu.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui lolote juu ya watu. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Mbele ya ukuta wa chokaa na safu ya mashati meupe kipima huona weupe mwingi, hudhani kwamba jua limezidi, na humshauri mpiga picha apunguze mwanga. Nyuso, ambazo ndizo zilizokusudiwa, hunyimwa.

Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, waliofanya kazi katika viwanda vya kemikali vya Widnes, Uingereza, walichapisha mwaka 1890 uchunguzi ambao mpaka leo ndio msingi wa elimu hii. Waliziangaza sahani kwa mshumaa wa kipimo maalumu, kila sehemu kwa muda wake, kisha wakapima weusi wa fedha uliotokea. Walipouchora weusi huo dhidi ya logi ya kiasi cha mwanga, walipata mstari wenye umbo la herufi S iliyolazwa. Katika kisigino chake, kwenye mwanga mdogo, mstari hauinuki. Hapo mwanga ukiongezeka mara mbili weusi haubadiliki, au hubadilika kidogo tu. Kivuli kilichoangukia kisigino hicho kimepotea, wala hakuna dawa itakayokirudisha, kwa sababu fuwele zake hazikupata alama ya kuanzia.

Kwa hiyo vivuli hupimwa kwanza. Mpiga picha asogee karibu, akipime kipande cha uso peke yake, au akipime kiganja chake mwenyewe kikiwa katika mwanga ule ule, kisha arudi mahali pake bila kubadili kipimo. Ikiwa kusogea hakuwezekani, njia nyepesi ni kuidanganya kamera: filamu ya ISO 400 ipangwe kama ya ISO 200, na ya ISO 125 kama ya ISO 64. Kila picha itapata mwanga mara mbili. Weupe wa mashati utaongezeka pia, naam, lakini weupe una tiba yake, nayo imo katika tangi.

Sehemu ya pili: dawa na muda

Katika dakika za mwanzo za kusafisha, developa hugeuza fuwele za vivuli na za weupe pamoja. Fuwele zenye alama mahali pa kivuli ni chache, nazo humalizika mapema. Mahali pa shati fuwele zenye alama ni nyingi mno, na weusi wake katika negativu huendelea kuongezeka dakika baada ya dakika. Muda wa kusafisha, kwa hiyo, huamua zaidi hali ya sehemu zenye mwanga mwingi, ilhali sehemu za kivuli zilikwisha kuamuliwa ndani ya kamera. Picha zilizopigwa katika jua kali, zikiwa zimepewa mwanga mara mbili, hupunguziwa muda wa kusafishwa kwa kiasi cha asilimia 20. Shati litabaki na mikunjo yake, na uso utabaki na macho.

Developa inayofahamika kuliko zote ni D-76 ya Kodak, iliyotolewa katika miaka ya 1920. ID-11 ya Ilford ina viambato vile vile. Shule yenye mizani nzuri inaweza kuitengeneza: metoli gramu 2, sodiamu salfaiti kavu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2, katika maji ya kufanya lita 1. Huanzwa na mililita 750 za maji ya nyuzi 50 za Sentigredi, viambato huyeyushwa kimoja baada ya kimoja kwa utaratibu huo, kisha maji baridi huongezwa mpaka lita itimie. Metoli hutangulia kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji yenye salfaiti nyingi. Mafundi wengi hutia kwanza chembe kidogo tu ya salfaiti ili kuilinda metoli na oksijeni. Metoli na haidrokwinoni zikiwa pamoja hufanya kazi kubwa kuliko jumla ya kila moja peke yake. Boraksi huleta ualkali unaohitajika. Salfaiti huilinda dawa isiharibiwe na hewa, tena huyeyusha kidogo kingo za fuwele na kulainisha chembe. Ngozi za watu wengine hudhurika kwa metoli, hivyo glavu za mpira zivaliwe.

Mwalimu aangalie sana jina la salfaiti lisichanganywe na salfeti. Sodiamu salfeti hailindi dawa na oksijeni hata kidogo, ingawa, kama itakavyoonekana hapa chini, nayo ina kazi yake.

Maji ya uvuguvugu

Nyakati za kusafisha zinazoandikwa na watengenezaji ni za nyuzi 20. Nairobi, Mbeya au Bukavu halijoto hiyo hupatikana bila taabu. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, katika miezi ya joto, maji ya bomba huweza kufika nyuzi 28 au kupita. Hapa ndipo sehemu ya pili ya kosa hutendeka. Fundi hufuata dakika zilizoandikwa, dawa nayo, kwa kuwa ina joto, hufanya kazi upesi zaidi, na weupe wa mashati, ambao tayari ulikuwa mwingi kwa sababu ya jua, husafishwa kupita kiasi. Vivuli vilivyonyimwa mwanga havifaidiki chochote.

Kanuni inayotumika kwa developa nyingi ni kwamba kila nyuzi 3 zinapoongezeka, muda unaohitajika hubaki robo tatu ya ule wa mwanzo. Kazi ya dakika 10 kwa nyuzi 20 itachukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 23, na dakika 5 na sekunde 40 hivi kwa nyuzi 26. Kwa nyuzi 29 itachukua dakika 4 na robo. Hesabu hii ni ya makadirio, tena metoli na haidrokwinoni haziongezi kasi kwa kiwango kimoja, hivyo juu ya nyuzi 24 hivi ni vizuri ithibitishwe kwa jaribio.

Muda ukishuka chini ya dakika 5 huzuka tatizo jingine. Dawa inahitaji muda wa kupenya utando wa jelatini sawasawa. Katika muda mfupi mno, sekunde chache za kumimina na kumwaga huacha michirizi na madoa, hasa mahali pa mbingu. Dawa ya ujio wa ndani ya kopo, isiyozimuliwa, haifai kwa hiyo katika joto. HP5 Plus katika ID-11 isiyozimuliwa husafishwa kwa dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Ikipunguzwa asilimia 20 kwa ajili ya jua kali hubaki dakika 6, na kwa nyuzi 26 hubaki dakika 3 na nusu hivi, muda ambao hauaminiki. Dawa hiyo hiyo ikizimuliwa kwa maji kiasi sawa huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Asilimia 20 zikiondolewa hubaki dakika 10 na sekunde 20 hivi, na kwa nyuzi 26 ni karibu dakika 6. Muda huo ni salama. Tena dawa iliyozimuliwa huchoka mapema mahali penye weusi mwingi, na hivyo huuzuia weupe wa shati usikimbie. Dawa hiyo ikishatumiwa mara moja humwagwa. Kwa fundi wa pwani hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kuharibu mkanda.

Si lazima, basi, kuhangaika na barafu mpaka dawa ifike nyuzi 20. Kuishusha hadi nyuzi 24 au 26 kunatosha. Chupa za dawa zote pamoja na maji ya kusuuzia huwekwa katika karai la maji, na barafu hutiwa ndani ya karai, si ndani ya chupa, kwa kuwa barafu inayoyeyuka ndani ya dawa huizimua bila kipimo. Muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba vimiminika vyote viwe na halijoto moja. Jelatini iliyovimba katika dawa ya nyuzi 28, ikitiwa ghafula katika maji ya jokofu, husinyaa na kufanya mikunjo midogo midogo mithili ya ngozi ya mjusi, na mikunjo hiyo haiondoki. Filamu za siku hizi zina jelatini iliyoimarishwa na hustahimili zaidi kuliko za zamani, lakini si busara kuzijaribu.

Mahali pasipo na barafu kabisa, mafundi wa nchi za joto walitumia sodiamu salfeti. Gramu 50 hadi 100 za salfeti kavu zikiongezwa katika kila lita ya developa, huizuia jelatini isivimbe sana kwa sababu ya osmosisi, na kuipunguza dawa kasi. Nyakati zake huwa tofauti na hutafutwa kwa kujaribu vipande vya filamu.

Baada ya developa filamu hutiwa katika maji yenye asidi hafifu ya asetiki, ambayo husimamisha kazi mara moja, kisha katika fiksa. Muda wa fiksa hupatikana hivi: kipande cha mwanzo wa mkanda, kile kilichokatwa kabla ya kusafisha, hutumbukizwa katika fiksa mchana kweupe, na huhesabiwa sekunde mpaka weupe wake wa maziwa utoweke. Filamu yenyewe ikae mara mbili au tatu ya muda huo. Kipande kikichukua muda mara mbili ya ule wa fiksa mpya, fiksa hiyo imechoka.

Kuosha kwa mwisho hakuhitaji maji mengi kama inavyodhaniwa. Kwa fiksa isiyo na dawa ya kukaza jelatini, tangi hujazwa maji ya halijoto ile ile na kupinduliwa mara 5, maji hubadilishwa na kupinduliwa mara 10, hubadilishwa tena na kupinduliwa mara 20. Njia hii imependekezwa na Ilford kwa miaka mingi, nayo yafaa sana shule inayochota maji kwa ndoo. Maji ya mwisho yawe yamechemshwa na kuchujwa, ili chumvi na vumbi visikaukie juu ya picha.

Jaribio la darasani

Jaribio lifuatalo huhitaji mkanda mmoja wa HP5 Plus, ID-11 iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa, kipimajoto na saa. Kitambaa cheusi, kipande cha kadibodi ya kijivu na kitambaa cheupe hutundikwa kando kwa kando kivulini, na mkanda mzima hupigwa picha hiyo hiyo moja, bila kubadili tundu la lenzi wala kilango. Katika chumba cha giza totoro mkanda hukatwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza husafishwa kwa nyuzi 20 kwa dakika 10, cha pili kwa nyuzi 26 kwa dakika 10, na cha tatu kwa nyuzi 26 kwa dakika 5 na sekunde 40. Mengine yote, pamoja na namna ya kutikisa tangi, yawe sawa.

Negativu zikishakauka, vipande hulazwa kwenye kioo cha dirisha na kulinganishwa. Cha kwanza na cha tatu hukaribiana sana. Katika cha pili sehemu ya kitambaa cheupe huwa nzito hata mwanga wa dirisha hupenya kwa shida, na sehemu ya kitambaa cheusi huwa imebadilika kidogo tu. Wanafunzi wenye kamera yenye kipima mwanga wanaweza kuipima kila sehemu kwa kuiweka mbele ya taa isiyobadilika na kuhesabu hatua ambazo kipima kinashuka. Kila hatua ni nusu ya mwanga. Wanaotaka kuendelea wanaweza kulirudia jaribio kwa filamu iliyopangwa ISO 200, au kuchora mstari wa Hurter na Driffield kwa kubadilisha kilango hatua moja moja.

Fiksa iliyotumika katika majaribio haya ina fedha iliyoyeyuka, na haifai kumwagwa karibu na kisima. Ikiwekewa sufi ya chuma kwa siku chache, chuma huingia katika myeyuko na fedha hubaki chini kama tope jeusi, nalo ni jaribio jingine la msururu wa utendanaji wa metali. Negativu zenyewe zihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, kwa kuwa jelatini ni chakula cha kuvu, na katika unyevu wa pwani kuvu huanza kuila picha pembeni na kuelekea katikati.